Hodi Uliyopiga Kakuyuni

Baba yangu Charo,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitikia "marahaba, Mayo" bila hata kuinua macho kwenye kazi, kwa hivyo nachukulia umeshaitikia, nami niseme lililonileta. Nimekufutia kitu, baba. Sikukusudia, lakini mkono ni wangu na kosa ni langu. Ile hodi yako ya mwisho, ile uliyoniita nije niisikilize nikakujibu nina kazi, niliifuta kabla sijaisikia hata mara moja.

Haya, nimeshasema. Sasa tulia nikueleze tangu mwanzo, na hata yale unayoyajua nitayasema, maana barua hii naiacha wazi na huenda ikasomwa na mtu asiyekujua. Nisingependa akudhanie vibaya. Mimi anidhanie atakavyo.

Huyo mtu ajue kwanza kwamba wewe ulikuwa fundi wa redio. Karakana yetu ya Malindi ilijaa redio za watu mpaka pa kukanyaga hapana, na wewe katikati, miwani imefungwa uzi, umetega sikio kwenye spika kama daktari. Nilipotoka chuoni na cheti changu cha kompyuta nilikukuta umepewa kompyuta tatu zilizotupwa na ofisi fulani. Ulikuwa umezifungua zote, unazichokoa kwa bisibisi, unatafuta sauti imepotelea wapi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Baba, hizi hazitibiwi hivyo." Wewe hukukasirika. Ulinisogezea kigoda, ukasema, "Basi zitibu wewe, mimi nitazame."

Ulitazama miezi. Kila amri niliyoiandika kwenye kompyuta uliinakili kwenye daftari la shule, kwa kalamu, na chini yake ukaandika kwa Kiswahili inafanya nini. Umri wako ulikuwa umepita hamsini na mama alidhani umeingiwa na wazimu. "Babake Dama anasoma tena," aliwaambia majirani, "sijui atafanya mtihani wa nani." Mimi nilijivuna, nisikufiche. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuwa na kitu ninachokijua mimi na wewe hukijui. Starehe hiyo haikudumu, maana mwaka haukuisha ukaanza kuniuliza mambo nisiyoweza kuyajibu.

Ndipo ikaja kazi ya shule. Ofisi zilitoa kompyuta zao kuukuu, sisi tukazifufua, zikaenda shule za Ganda, za Kakuyuni, mpaka huko Kilifi. Mimi nilikuwa naweka mfumo endeshi kwenye mashine moja moja: naweka, nasubiri, naongeza programu za wanafunzi, nasubiri tena, asubuhi nzima imekwisha kwa mashine moja. Ulinivumilia wiki moja. Halafu ukasema, "Mayo, mamako akipikia watu wa matanga, hupika sahani moja moja?" Ukakaa chini ukaandika skripti.

Kwa asiyejua, skripti ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzisoma kutoka juu mpaka chini na kuzifuata yenyewe. Yako ilikwenda ikauchukua mfumo endeshi, ikautilia programu zote za shule, ikapanga lugha na saa, ikaondoa takataka, kisha ikaufunga wote kuwa kitu kimoja tunachokiita imeji. Imeji hiyo ukiimwaga kwenye mashine ishirini, zote ishirini zinaamka sawasawa. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza ulipiga makofi peke yako karakanani, jirani yetu wa cherehani akaja mbio kuuliza kuna nini. "Chungu kimoja, sahani ishirini!" ukamwambia, na yule maskini akasimama pale mlangoni muda mrefu akingoja pilau.

Uliijua skripti yako kwa sikio. Ulikuwa ukiianzisha, unafumba macho, unasikiliza feni ya ile seva yetu kongwe. "Sasa inapakua," unasema. "Sasa inafunga." Na mara nyingine, kabla kioo hakijaonyesha kosa lolote: "Ala! Imekwama." Nikitazama, kweli imekwama. Chuoni hawakunifundisha hilo, na mpaka leo siliwezi.

Sasa nije kwenye majina, maana ndiyo yaliyotugombanisha. Imeji lazima iwe na jina, na watu wa kazi hii huzipa namba. Wewe ukasema namba hazina ukoo. Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, kwa hivyo Kazungu humzaa Charo, na Charo humzaa Kazungu, na majina hayo mawili yanapokezana hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi. Babu yangu alikuwa Kazungu wa Charo. Wewe ukawa Charo wa Kazungu. Mimi msichana nikapewa jina la mamako, ndiyo sababu uliniita Mayo, yaani mama, hata uliponigombeza. Basi imeji nazo ukaziingiza kwenye ukoo. Ya kwanza ikawa Kazungu, ya pili Charo, ya tatu Kazungu tena. Diski yetu ilitosha imeji mbili tu kwa wakati mmoja, nawe ukaona mpango wa wazee umeifaa kabisa. Imeji mpya ilipozaliwa ilirithi vitu vya babu yake, yaani mipangilio yake, picha zake na sauti zake, kisha ikakaa mahali pake kwa jina lilelile. Babu akaenda zake, na baba yake akabaki pembeni, ili mtoto akitoka na kasoro tuwe na mtu mzima wa kutegemea.

Na hodi. Fundi wa redio hawezi kutengeneza kitu kisicho na sauti! Ulijirekodi kwa ile maikrofoni yako iliyofungwa plasta, ukaiweka sauti ndani ya imeji. Mashine ikiwashwa shuleni kwa mara ya kwanza, kabla haijaonyesha chochote, inapiga hodi kwa sauti yako. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kisha inangoja. Haiendelei mpaka mtu abonyeze neno Karibu. Na ikishakaribishwa, ile sauti inajifuta yenyewe kwenye mashine hiyo, kwa sababu, ulisema, mtu aliyeshaingia ndani akaendelea kupiga hodi, huyo ana lake jambo.

Unaikumbuka siku ya kwanza, kule Ganda? Mwalimu mkuu, mzee wa heshima zake, kofia mkononi, akaiwasha mashine mwenyewe mbele ya wazazi. "Hodi!" Yeye akageuka kutazama mlango. "Karibu, karibu ndani," akasema, na mtu haingii. "Hodi wenyewe!" Akaenda mlangoni akachungulia. Wewe ulikuwa nyuma yangu umejiziba mdomo kwa mkono, mabega yanatetemeka, machozi yanakutoka. Wazazi walipoelewa walicheka mpaka mwalimu mkuu mwenyewe akacheka, na watoto kubonyeza hakukuwatosha, walilipigia kelele hilo neno. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya shule zote: kompyuta mpya ikipiga hodi, darasa zima linaitikia.

Skripti tuliitunza pamoja, na kuitunza ni kazi isiyo na ahsante. Mfumo endeshi hutolewa upya kila baada ya muda, na kila ukitolewa upya kuna amri iliyobadilishwa na programu iliyohamishwa, na skripti iliyokuwa ikienda vizuri inakwama katikati. Unaifungua, unautafuta mstari wenye kisirani, unaurekebisha. Nami kila nilipoifungua nilikukuta humo. Kuna mistari ambayo kompyuta huiruka, imewekwa ili fundi ajiandikie maelezo, na wewe uliigeuza baraza. "Hapa palinitoa jasho siku mbili, ukipita pita polepole." "Dama, usiguse hapa. Nimekwambia." Na mwingine katikati kabisa ya mambo mazito: "Mamako ameleta viazi karai, njoo kabla havijapoa." Viazi vya mwaka gani hivyo, baba!

Basi tukagombana. Nilikwambia majina mawili hayatoshi, kwamba siku moja imeji mpya itakaa juu ya ya zamani na kitu cha maana kitapotea. Hilo lilikuwa kweli na ningeweza kulisema kwa adabu. Sikulisema kwa adabu. Nilisema hayo ni mambo ya kizamani, kwamba unaendesha kazi ya kompyuta kama kikao cha mahari, na kwamba mimi ndiye niliyesomea.  Ukavaa miwani yako, ukarudi kwenye kibodi. Siku zile ulikuwa umeshaanza kukohoa na kukonda, nami nilijifanya sioni.

Siku chache baadaye, asubuhi, ulikaa na maikrofoni. Mama alikuwa amekuletea uji, ukamwambia atoke nje kidogo, naye akatoka akinung'unika kwamba tangu lini mume wake akawa na siri na kompyuta. Ulipomaliza ukaendesha skripti, Charo mpya akazaliwa, ukaniita. "Nimebadilisha hodi, Mayo. Njoo usikilize." Nilikuwa upande wa pili wa meza, hatua tatu hazifiki. Bado nilikuwa na hasira zangu. Nikakwambia, "Nina kazi, baba." Ukasema, "Haya, utaisikia," kwa upole tu, ukaanza kunywa uji wako. Jumatatu yake hukuja karakanani. Hukuja tena.

Tulikuzika nyumbani Ganda. Baada ya matanga nilimmwaga huyo Charo mpya kwenye mashine ishirini, nikazipeleka shule moja ya Kakuyuni, nikaziacha kwenye maboksi yake kwa kuwa umeme wa darasa ulikuwa bado. Hodi sikuisikiliza. Mtu ataniuliza, ulishindwa na nini, si ilikuwa pale kwenye diski? Ilikuwa pale. Niliogopa. Nilidhani umenisuta. Nilidhani umesema kwa sauti yako, mbele ya watoto wa watu, kwamba binti yako hana adabu, au, baya zaidi, kwamba unamwachia kazi yako na huna imani naye. Nikajiambia nitaisikiliza siku nikipata moyo. Na mama kila Jumapili akitoka kanisani: "Ile hodi aliyonifukuzia nje, alisemaje?" Nami kila Jumapili: "Bado, mama. Nitakuletea uisikie."

Mwaka ukapita hivyo. Katikati nilimtengeneza Kazungu mmoja, akarithi kwa babu yake, Kazungu mwenzake, ile hodi yako ya zamani, kwa hivyo hiyo ninayo. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Charo. Mfumo endeshi ulikuwa umetolewa upya, na shule moja ya Ganda inangoja mashine kabla muhula haujafungwa. Naiendesha skripti, inakwama. Naiendesha tena, inakwama palepale, kwenye mstari wa urithi, kwa kuwa vitu vya babu vilikuwa vya zamani mno na mfumo mpya umevikataa. Juu ya mstari huo umeandika wewe: "Dama, usiguse hapa. Nimekwambia."

Nikagusa. Niliuzima mstari ule mmoja tu, nikaiendesha upya, ikaenda kama maji. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilisimama nikapiga makofi kama wewe. Nikaimwaga imeji kwenye mashine ya kujaribia, nikaiwasha, ikaamka vizuri, safi, na kimya. Nilidhani spika imekufa. Nikagonga spika. Ndipo nikaelewa. Charo mpya alizaliwa bila urithi, akakaa mahali pa Charo wa zamani kwa jina lilelile, na Charo wa zamani ndiye aliyekuwa na hodi yako ya mwisho. Jambo nililokuonya litatokea lilitokea, na aliyelitenda ni mimi niliyesomea.

Siku mbili nilihangaika na diski ile nione kama kuna kitu cha kuokoa. Wapi! Nikakumbuka Kakuyuni. Hodi hujifuta kwenye mashine iliyowashwa, lakini mashine ambayo haijawahi kuwashwa bado inayo. Nikampigia simu mwalimu wa kompyuta wa shule ile, Mwalimu Sidi, nikamuuliza kama mashine zote zinatumika.

"Kumi na tisa, fundi," akasema. "Moja bado iko kwenye boksi, meza hazikutosha."

 Ningeitoa diski ya mashine ile, niinakili sauti bila kuiwasha mashine yenyewe, kazi ya robo saa. "Nakuja kesho kuiangalia hiyo moja," nikamwambia. "Karibu sana, fundi, karibu sana," akasema, nikakata simu. Sikumwambia asiiwashe. Ningemwambia kwa nini? Kwamba nimelifuta neno la mwisho la baba yangu? Aibu ilinifunga mdomo, baba, na hilo nalo nitalibeba.

Wewe unawajua watu wetu. Mgeni akisema anakuja, hawezi kukuta uwanja haujafagiliwa. Mwalimu Sidi alisikia fundi anatoka Malindi kwa ajili ya mashine moja, akaona si ungwana nifike niikute bado kwenye boksi. Akaazima meza chumba cha walimu. Akavuta waya kutoka darasa la jirani, akaipangusa vumbi, akaiunga, akawapanga watoto. Na ili nisisumbuke, akaiwasha.

Nilifika saa nne asubuhi. Darasa zima lilisimama: "Karibu, fundi Dama!" Mwalimu Sidi anatabasamu kwa fahari, ananionyesha kwa mikono miwili. Mashine imekaa mezani juu ya kitambaa cha kufumwa, kioo kinang'aa, programu zote zimejipanga. "Tumekuwashia, fundi. Imewaka vizuri, haina neno."

Nililia, baba. Sikulia hivyo kwenye kaburi lako. Nililia mbele ya watoto wa watu, kamasi na kila kitu, na yule mwalimu akanishika mabega akiuliza, "Ni nini? Tumeharibu?" Sikuweza kumlaumu. Ningemlaumu kwa kosa gani, la kunipokea vizuri? Nikamweleza kwa vipande vipande. Alipoelewa alikaa kwenye dawati, mkono mdomoni.

"Yarabi! Kumbe yule mzee babako hayupo tena," akasema.  "Lakini fundi, tumemsikia. Sisi sote humu tumemsikia."

"Alisemaje?"

Alianza kunisimulia na watoto wakamkatiza. Sivyo mwalimu, kwanza alisema hivi. Hapana, hilo lilikuja baadaye. Wakabishana mpaka msichana mmoja wa dawati la mbele, sauti nyembamba kama uzi, akasimama, akaiteremsha sauti yake mpaka ilipofika, akaanza.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hapa ni Charo wa Kazungu, kutoka Ganda."

"Hapo akakohoa," akasema mwenzake, na darasa zima likakohoa. Nisamehe, baba, nilicheka katikati ya kilio. Kilikuwa kikohozi chako hasa, na ule mkwaruzo wa mwisho.

"Mimi si fundi," yule msichana akaendelea. "Mimi nimesindikiza tu. Fundi ni binti yangu Dama, yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kikiharibika kitu, mwiteni yeye. Akibadilisha kitu, msishtuke, anajua anachokifanya, na mimi nimekubali. Haya, tuko hapa nje, tunangoja."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, na mara ya tatu darasa zima lilisema naye, pamoja na kikohozi.

Aliyenifundisha kazi hii! Miaka yote ile hukuniambia. Uliniambia nipite polepole, uliniambia nisiguse, uliniambia viazi vinapoa. Hilo hukuniambia, na siku ulipotaka kuniambia mimi nikawa na kazi. Nimelaumu weee, nikakulaumu wewe, nikajilaumu mimi, mpaka nimechoka. Kichwa kigumu nilikirithi kwako, na hicho hakuna aliyekizima mstari wake. Nilikupenda sana, baba. Nilipaswa kuivuka ile meza.

Siku mbili zilizofuata nilikaa na skripti yako kuanzia juu mpaka chini. Majina nimeyaacha, Kazungu na Charo wataendelea kupokezana, ila nimenunua diski kubwa, na kila mmoja sasa ana namba yake nyuma ya jina na hakuna anayekaa juu ya mwenziwe. Mstari wa urithi nimeuandika upya, unabeba sauti peke yake na kuacha vile vitu vya zamani vinavyoikwamisha kazi. Yale maneno ya "usiguse hapa" nimeyaondoa.  Ya viazi hayo sigusi. Mashine za Ganda ziliwahi kabla ya muhula kufungwa, na zimepiga hodi kwa sauti yako ile ya zamani, niliyoichukua kwa Kazungu. Kusindikiza bado unasindikiza.

Likabaki la mama. Nilikaa nalo mpaka Jumapili, na Jumapili haikuchelewa kufika. Nilimkuta uani anachambua mchicha, bado amevaa kanga yake ya kanisani, na kabla hajauliza nikavuta kibao nikakaa karibu yake, nikamweleza. Sikumficha kitu. Nilimwambia tulivyogombana, ulivyoniita nikakataa, mstari niliouzima, boksi la Kakuyuni. Nilimwambia maneno yako yote kwa mpango wake, nikakohoa pale unapokohoa. Nilipofika kwenye "mimi nimesindikiza tu" aliacha mchicha akatazama pembeni, kisha akaushika tena.

"Lakini sauti yenyewe sikuipata, mama," nikamwambia. "Imekwenda. Umeingoja mwaka mzima, na mimi ndiye niliyeipoteza. Nisamehe."

 Alichambua shada moja, akachambua jingine. Nilidhani amekasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Nikainamisha kichwa nikangoja kugombezwa.

"Alipopiga hodi," akauliza, "walimwitikia?"

"Walimwitikia, mama. Darasa zima. Mwalimu aliniambia walisema karibu kwa kelele mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Akayakusanya majani kwa mikono yote miwili, akayatia kwenye sufuria.

"Basi ameingia," akasema.

Nakuaga hapa, baba. Kaa kwa raha huko kwa wenyeji wako.

Binti yako,
Dama